Baiskeli kwenye njia za vumbi Lindi na Mtwara: mchanga, maji na saa ya kutoka

Kukwepa magari si kazi ngumu Lindi wala Mtwara. Ukiacha barabara za lami kama inayotoka Mtwara kwenda Mingoyo hadi Masasi, na ile ya Lindi kwenda Kilwa, zinabaki barabara za vumbi, njia za mikorosho na vichochoro vya miguu ambavyo hutavimaliza maisha yako yote. Kinachomrudisha mtu nyumbani nusu safari ni mchanga unaomeza tairi na maji yanayoishia njiani. Kwa hiyo tunaanza na udongo. Baiskeli itafuata.

Chagua udongo kwanza, mandhari baadaye

Ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani kushuka Msimbati, ni mchanga mweupe uliochanganyika na mawe ya matumbawe. Ni pazuri kwa macho, pabaya kwa miguu. Ukipanga kilomita 30 hapa, jiandae kusukuma baadhi yake. Ufukweni kuna nafuu moja: maji yakiwa yamekupwa, mchanga uliolowa karibu na maji ni mgumu na baiskeli inateleza juu yake vizuri. Angalia siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, toka maji yakiwa bado yanashuka, na uwe umeondoka kabla hayajajaa. Chumvi ni adui wa gololi na cheni, kwa hiyo jioni hiyohiyo baiskeli ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi.

Uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na Mahuta, una udongo wa kichanga, mwekundu sehemu nyingi, vichaka vilivyosongamana, mihogo na mikorosho. Udongo huu ukiwa na unyevu kidogo unashika vizuri sana. Kuanzia mwishoni mwa Agosti unageuka unga. Ukingo wa upande wa Newala unaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, na pale panapoitwa Shimo la Mungu utaona bonde lote hadi ng'ambo ya Msumbiji. Ukishuka huko, kumbuka utapanda tena.

Bonde la Lukuledi, kutoka Mtama kupita Nyangao hadi Ndanda, lina mchanganyiko. Kingoni kuna njia ngumu, chini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha mara moja tu, unajaza nafasi kati ya tairi na uma unaolishika mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Misitu ya Litipo, karibu na Rutamba na maziwa yake madogo, na msitu wa Rondo ulio juu ya uwanda wake, ina kivuli na njia zilizoshindiliwa na majani. Hapa unahitaji kibali, tutafika huko.

Masasi na Nachingwea ndiko kwenye changarawe yenyewe: miombo, udongo wenye kokoto nyekundu, na milima ya mawe inayokuongoza ukiwa mbali. Anayeanza aanzie huku, hata kama nyumbani kwake ni Shangani, Mtwara mjini. Kupakia baiskeli kwenye basi hadi Masasi ni rahisi kuliko kujifunzia mchangani.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: tuta la reli ya zamani. Reli hii ilijengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, kutoka Mkwaya kwenye hori ya Lindi kwenda Nachingwea, baadaye ikaungwa na Mtwara. Ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Kwa kuwa treni haipandi mwinuko mkali, popote tuta lilipobaki utapata njia inayopanda polepole kuliko barabara yoyote ya kijiji. Waulize wazee "njia ya treni ilipita wapi?" Watakuonyesha. Tatizo lake ni makalavati na madaraja: mengine hayapo, na tuta linaweza kukatika ghafla kwenye korongo. Usilikimbize baiskeli usipoona mbele mita 30.

Mwezi na saa

Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei nyasi zimezidi kimo cha usukani na njia hazionekani. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na katika hiyo, mwisho wa Juni hadi katikati ya Agosti ndiyo bora: kuna ubaridi asubuhi na mchanga haujawa unga.

Miezi hiyohiyo ina kero zake. Moja ni salfa. Wakulima wa korosho wanapuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Vumbi lake likiingia machoni utalia kilomita tano. Ukisikia injini ya bomba shambani, simama upande upepo unakotoka usubiri, au zunguka. Vaa miwani ya wazi na uwe na leso. Kero ya pili ni kusi, linaloamka asubuhi ikishapevuka na kuvuma kutoka kusini mashariki. Panga kwenda nalo uso kwa uso asubuhi, likusukume wakati wa kurudi. Wanaofanya kinyume wanajuta saa tisa alasiri.

Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Minada ikianza, malori yanaingia hadi maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) vijijini kubeba magunia, na ile barabara ya vumbi iliyokuwa kimya inageuka wingu. Msimu huo kaa kwenye njia za ndani ya mashamba, si barabara za kata.

Juni na Julai jua linachomoza karibu na saa 12:30 asubuhi na linazama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Toka na mwanga wa kwanza. Umande wa usiku unashikamanisha mchanga, na njia inayopitika saa moja asubuhi inaweza kukushinda saa saba mchana. Pumzika saa 5 hadi saa 9, kisha malizia.

Hesabu ya muda

Usihesabu kilomita peke yake. Fungua picha za satelaiti kwenye simu, vuta karibu, na ugawe njia yako mara tatu. Mstari mwembamba wa kahawia wenye kingo safi kwa kawaida ni udongo mgumu. Mstari mpana mweupe wenye njia nyingi ndogo pembeni ni mchanga: bodaboda wameukwepa, nawe utaukwepa. Palipo na kijani kibichi kiangazi ni bondeni.

Kwa mtu mwenye mazoezi ya kawaida, udongo mgumu ni kilomita 15 kwa saa, mchanga wa wastani 8, kusukuma 4. Chukua mzunguko wa kilomita 40: ngumu 24 ni saa 1 na dakika 36, mchanga 12 ni saa 1 na nusu, kusukuma 4 ni saa nzima. Jumla saa 4 na dakika 6. Ongeza robo kwa ajili ya pancha, maji na salamu. Salamu si mzaha: kupita kijijini bila kusimama hata dakika mbili ni ukosefu wa adabu, na pia ni kupoteza nafasi ya kuuliza njia. Unapata kama saa 5, na hiyo ndiyo siku yako.

Baiskeli

Phoenix inafika kote huko, wauza samaki wanathibitisha kila siku. Lakini haina gia, na ukingo wa Makonde utaupanda kwa miguu. Kinachofaa zaidi ni baiskeli ya gia ya mtumba, ya magurudumu ya inchi 26, fremu ya chuma au alumini, bila springi za bei rahisi, maana zinaongeza uzito na kunyonya nguvu. Gia nyepesi kabisa iwe na meno mengi nyuma kuliko mbele. 22 mbele na 30 au 34 nyuma inatosha mlima wowote huku.

Tairi ndilo la kutumia pesa. Inchi 26 kwa 2.10 lenye meno mafupi katikati na marefu pembeni. Kama una baiskeli ya 700, usishuke chini ya milimita 40. Pitisha kidole kati ya tairi na uma: kisipopita, udongo mweusi wa Lukuledi utakusimamisha.

Upepo, kwa mwendeshaji wa kilo 70:

- Tairi la 26 kwa 2.10: njia ngumu paundi 30 hadi 32, mchanga 20 hadi 22.
- Tairi la 700 kwa 40: njia ngumu 38 hadi 42, mchanga 28 hadi 30.
- Kila kilo 10 za mzigo, ongeza paundi 2 au 3 nyuma.

Mafundi wa bodaboda wamezoea kujaza hadi tairi liwe kama jiwe. Mwambie aache mapema, au upunguze mwenyewe. Ukishuka chini ya viwango hivyo, rimu itabana tyubu kwenye jiwe na utakuta matundu mawili yanayotazamana. Pia usipunguze upepo kwa ajili ya mita 200 za mchanga, shuka usukume. Punguza pale mchanga unapozidi kilomita moja, kwa sababu pampu ya mkononi itakuchosha kuurudisha.

Kabla ya safari, inua kila gurudumu ulizungushe: likiyumba zaidi ya milimita 3, peleka kwa fundi akaze spoku. Bana breki zote mbili usukume baiskeli mbele, isisogee. Tikisa usukani na kila gurudumu pembeni. Mlio wa "tok tok" ni gololi au nati iliyolegea.

Beba tyubu mbili, viraka vinane, solusheni mbili (moja isiyofunguliwa, kwa sababu iliyofunguliwa hukauka kwa joto hili), msasa, vijiti vitatu vya kutolea tairi, pampu, spana namba 15 kama magurudumu yako ni ya nati, spana za L za 4, 5 na 6, kitoa pini cha cheni na viungo viwili vya akiba. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8, cha kuweka ndani tairi likichanika, na mita mbili za mpira uliokatwa kutoka tyubu ya zamani. Huo mpira unafunga kila kitu, kuanzia chupa hadi karia iliyovunjika. Kama valvu zako ni zile nyembamba za kizungu, beba kichwa cha kubadilishia, maana pampu za vijijini ni za valvu ya gari au ya Phoenix.

Maji

Hesabu lita 0.7 kwa saa Juni na Julai, lita nzima Oktoba na Novemba. Kwa ile safari ya saa 5 ni lita 3.5 hadi 5. Bondeni na pwani utapata visima, na pwani madafu. Juu ya uwanda wa Makonde usitegemee. Maji ya pale yana historia ya shida, watu wengi wameyapandisha kutoka mabondeni au kuyanunua kwa ndoo. Ukiomba, lipa, hata wakikataa mara ya kwanza.

Maji ya kisima yatie kidonge cha klorini, lakini soma pakiti: kuna vidonge vya lita 20 na vya lita 1, na kuvichanganya ni kunywa maji yasiyonyweka au yasiyosafishwa. Usiingie wala usioge kwenye maziwa na maji yaliyotuama, kichocho kipo. Ruvuma ina mamba na viboko, kwa hiyo hata kuchota ukingoni waachie wenyeji wanaojua sehemu yao.

Chakula cha barabarani ni ndizi, mihogo ya kuchemsha na chapati. Korosho ni tamu lakini ina mafuta mengi na inakaa tumboni. Uile wakati wa mapumziko, si chini ya mlima. Mabibo yanakata kiu, ila utomvu wake ukidondokea shati doa halitoki. Na usiokote korosho chini ya mti wa mtu. Utaitwa mwizi, na kwa haki.

Kuendesha mchangani

1. Shusha gia mita 10 kabla ya kuingia. Ukibadilisha ukiwa ndani, cheni inakwama na mwendo unakufa.
2. Sogeza makalio nyuma ya tandiko ili gurudumu la mbele liwe jepesi.
3. Shika usukani kwa ulegevu. Gurudumu la mbele litacheza kushoto na kulia, liache. Anayepigana nalo ndiye anayeanguka.
4. Kanyaga mfululizo, mviringo mmoja usiokatika. Kusita kidogo tu tairi linazama.
5. Geuza kwa kuegemeza mwili, si kwa kukata usukani.
6. Tafuta ukingo wenye mizizi ya nyasi, au alama ya bodaboda ya leo asubuhi. Ya jana imeshalegea.

Ukisimama, usianze tena palepale. Sukuma hadi penye ugumu hata kama ni hatua tano.

Pancha

Mwiba wa mgunga unaingia na kubaki. Mbigili zinaingia kumi kwa mkupuo, hasa pembezoni mwa vijiji na viwanja vya mpira. Kosa la kawaida ni kubadilisha tyubu haraka na kuuacha mwiba ndani ya tairi, ukatoboa ya pili baada ya mita 300.

Toa tyubu, ijaze upepo, ipitishe karibu na mdomo au shavu mpaka uhisi pumzi. Iweke juu ya tairi valvu kwa valvu, ujue tundu linaangukia wapi. Kisha pitisha kipande cha pamba au kitambaa chepesi ndani ya tairi zima; kitanasa kwenye kila ncha usiyoiona. Toa ncha zote. Kwaruza sehemu ya tundu kwa msasa hadi mng'ao uondoke, eneo kubwa kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, subiri dakika 3 hadi 5. Ukigusa pembeni, kidole kisilowe solusheni. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanabandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinaelea na kinabanduka mchana jua likiwaka. Jasho la vidole nalo linaharibu, kwa hiyo usiguse upande wa chini wa kiraka. Bonyeza kwa mgongo wa kijiti dakika nzima. Rudisha tairi kwa vidole, ukimalizia penye valvu. Kijiti kikitumika kufungia hubana tyubu na kutengeneza pancha mpya.

Msituni na bondeni

Upupu unakomaa kiangazi, na maganda yake ya kahawia yenye vinyweleo yananing'inia usawa wa bega la mwendesha baiskeli. Yakikugusa, usijikune wala usifute kwa kiganja. Vinyweleo vitahamia shingoni na machoni. Bandika selotepu, bandua, rudia mara kadhaa, ndipo uoshe kwa sabuni. Vijijini watakusugua kwa majivu au udongo mkavu, nayo inasaidia. Shati livuliwe, maana limebeba mengine.

Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Vaa khaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu. Nyoka aina ya kifutu hulala njiani bila kutikisika, rangi yake sawa na majani makavu, na ndiyo sababu nyingine ya kumaliza kabla ya giza.

Tembo wapo upande wa Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, na huingia mashambani. Baiskeli haina mlio, unaweza kumfikia mnyama kabla hajakusikia. Kinyesi kikiwa bado kibichi, geuza. Hifadhi za wanyama za Lukwika-Lumesule na Msanjesi si za kukatiza.

Njia ikigawanyika, angalia alama. Yenye tairi nyingi za bodaboda inaenda kijijini. Yenye alama za baiskeli zilizodidimia upande mmoja na matone ni ya kisima. Yenye vumbi jeusi na magogo yaliyokatwa ni ya mkaa, itakufia katikati ya pori.

Vibali na adabu

Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na Litipo ni msitu wa hifadhi. Pitia ofisi ya TFS ya wilaya siku moja kabla, si asubuhi ileile. Kwenye ukanda wa Ruvuma beba kitambulisho cha NIDA, jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji, na ukiambiwa usiendelee, usibishane. Ni mpakani, na hali ya usalama wanaijua wao.

Ukisikia ngoma porini au ukikuta njia imezibwa kwa matawi, huenda kuna kumbi la jando. Rudi ulikotoka bila kuchungulia wala kutoa simu. Akina mama wenye ndoo kichwani usiwapigie kengele nyuma ya kisogo. Toa salamu ukiwa mbali, "Shikamooni mama zangu," punguza mwendo, pita upande watakaokuachia.

Acha nyumbani jina la kijiji cha mwisho na saa ya kurudi. Mtandao hupotea mabondeni, hurudi ukipanda. Upande wa Lukuledi hospitali kubwa zipo Nyangao na Ndanda. Lindi ni Sokoine, Mtwara mjini ni Ligula.

Jioni hiyohiyo

Futa cheni kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kisichafuke. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, subiri dakika kumi, futa yote yanayoonekana nje. Grisi na mafuta machafu ya gari usiweke kabisa: yananasa mchanga, na cheni inageuka msasa unaokula meno ya gia. Pekua matairi kwa kidole, ung'oe miiba iliyobaki nje kabla haijafika ndani, kisha yaache na upepo wake usiku. Likilala asubuhi, umeipata pancha ukiwa nyumbani.